Nakula pale ninapoliona karai

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Mkitoka kula nje, mnachagua sehemu kwa kigezo gani: bei, ladha, mandhari au jina?" Kigezo changu hakimo katika hayo manne. Mimi nakula pale ninapomwona mpishi akinipikia. Kama jiko liko nyuma ya ukuta na chakula kinatokea mlangoni tayari kimo kwenye sahani, nahitaji sababu nzito ya kukaa. Nyumbani wananiona mbishi kwa jambo hili. Naomba nafasi nilieleze vizuri, kwa sababu naamini linawahusu wote wanaolisha watoto nje ya nyumba.

Nianze na chipsi, maana ndicho chakula chetu wengi hapa Dar es Salaam siku tukisema leo hatupiki. Kwenye banda la chipsi hakuna kinachofichwa. Viazi mviringo vilivyotoka Njombe, Mbeya au Iringa vimemenywa, vimekatwa na kulowekwa kwenye ndoo; maji yanaondoa wanga wa juu na kuzuia vipande visigeuke vyeusi. Karai la mafuta liko juu ya moto. Pembeni kuna kabati la vioo lenye chipsi zilizokaangwa mara ya kwanza, vipande vya kuku, na trei ya mayai juu yake. Ukishaagiza, chipsi zinarudi kwenye mafuta. Wapo wanaodhani huko ni kupasha kiporo. Sivyo. Mara ya kwanza kiazi kinaiva ndani. Mara ya pili, mafuta yakiwa moto zaidi, ndipo nje panakauka na kushika rangi. Wapishi wa hoteli kubwa hufanya hivyo hivyo.

Ukitaka zege, yaani chipsi mayai, unaona kila hatua. Fraipani ndogo inawekwa mafuta kidogo, chipsi zinamwagwa, mayai mawili yanapasuliwa mbele yako na kupigwa kwenye kikombe, yanamiminwa juu, kisha sahani inafunika na fraipani inapinduliwa kwa mkono mmoja. Hapo ndipo unaposema, "Kaka, yaive sana," au "Chumvi weka kidogo, ni za mtoto." Na anakusikia! Hakuna karatasi ya oda iliyopita mikononi mwa watu watatu. Aliyesikia ndiye anayepika, na ndiye atakayekutazama ukila.

Kitu cha kwanza ninachokiangalia ni mafuta. Mafuta mazuri yana rangi ya manjano na unaona vipande vikizama na kuelea. Mafuta yaliyotumika siku nyingi ni meusi, mazito, yanatoa povu lisiloisha na kufuka moshi kabla hata hayajapata moto wa kutosha. Nikiyaona ya namna hiyo, nasalimia na kuendelea na safari. Sihitaji kumgombeza mtu, macho yameshanitosha. Cha pili ni rangi ya chipsi zenyewe. Kiazi chenye sukari nyingi, hasa kilichokaa kwenye baridi, kinakuwa kahawia upesi huku ndani hakijaiva. Muuza chipsi mzoefu anakijua kwa karai la kwanza tu, na utamsikia akilalamikia gunia alilouziwa. Mimi napenda sana malalamiko hayo, kwa sababu yananiambia kwamba viazi vina mwenyewe.

Hapo nawakumbuka jirani zetu wa Kenya. Januari 2022 matawi ya KFC, ile migahawa ya kuku wa kukaanga ya Kimarekani, nchini humo yaliishiwa chipsi. Ndipo wateja wengi walipojua kwamba viazi vile vilikuwa vinaagizwa kutoka nje, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi tele shambani. Watu walikasirika mitandaoni, wengine wakahimizana kususa, na kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa ndani. KFC ilikuwa Kenya tangu 2011. Miaka zaidi ya kumi watu wanakula chipsi na hawajui zimetoka wapi, mpaka siku zilipokosekana! Kwenye banda la chipsi gunia limeegemea ukuta na anayemenya amekaa karibu nalo. Ukitaka kujua limetoka wapi, unamuuliza.

Sasa baga. Najua vijana watasema mama huyu anapenda chipsi za mtaani tu na hataki mambo mapya. Baga naipenda, na kwenye baga ndipo hoja yangu inaposimama imara kuliko kwingine kote.

Nyama ya kusaga ni nyama ya kuogopwa kidogo, na ina sababu. Katika kipande cha nyama nzima vijidudu hukaa zaidi juu, na moto unavifikia haraka. Ukishaisaga, kilichokuwa juu kinaingia katikati. Kwa hiyo baga lazima iive mpaka ndani. Marekani wanaelekeza nyuzi 71 za selisiasi kwa anayepika nyumbani. Mwaka 1993, katika jimbo la Washington na majimbo mengine ya magharibi ya nchi hiyo, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafariki kwa bakteria aina ya E. coli waliokuwa kwenye baga za migahawa ya Jack in the Box. Nyama ilikuwa haijaiva vya kutosha. Sheria ya jimbo la Washington wakati huo ilitaka nyuzi kama 68, na migahawa hiyo ilikuwa ikipika kwa kiwango cha chini ya hapo. Ni kampuni kubwa yenye vipimo, sare na vitabu vya taratibu. Wazazi waliowanunulia watoto chakula siku zile hawakuwa na namna ya kujua.

Na ukirudi nyuma zaidi utakuta kwamba biashara ya baga ilisimama kwa kumwonyesha mteja jiko. Mapema katika karne iliyopita Wamarekani wengi waliidharau nyama ya kusaga, wakiamini kwamba ni mabaki yanayofichwa kwa kusagwa. Mwaka 1921, katika mji wa Wichita, Kansas, mpishi Walter Anderson na mwenzake Billy Ingram walianzisha White Castle. Anderson alikuwa ameshakaanga baga kwenye kibanda chake tangu 1916. Walijenga vijumba vidogo vyeupe, wakaweka kaunta na viti vyake, na mteja alikaa akitazama nyama inavyokaangwa na vitunguu kwenye chuma kipana. Baga ndogo, bapa, ya senti tano. Hofu ya watu ilipungua kwa sababu hakikubaki cha kufichwa. Migahawa ya baga iliyoenea duniani imepanda juu ya msingi ule, halafu mingi ikajenga ukuta mbele ya jiko. Hilo linaniuma, kwa sababu waliacha jambo bora kuliko yote waliyoyavumbua.

Kwetu hapa vijana wamelirudisha bila kusoma historia ya Wichita. Jioni, karibu na vituo vya mabasi ya mwendokasi na pembezoni mwa Kariakoo, utamkuta kijana ana mtungi wa gesi na chuma bapa. Anatoa donge la nyama, analibandika, analikandamiza mpaka linakuwa jembamba, anavunja yai pembeni, anapasha mkate upande wa ndani kwenye mafuta yale yale ya nyama. Kabichi, nyanya, mayonezi, pilipili ukitaka. Baga yake ni nyembamba, wapo wanaoicheka kwa hilo. Mimi naisifu. Nyama nyembamba inaiva yote, na ukimwambia aigeuze tena anaigeuza.

Mwaka mmoja, siku ya kuzaliwa ya binti yangu wa pili, tulikwenda kwenye mgahawa wa baga ndani ya jengo la biashara. Viyoyozi, viti vya rangi, picha za baga kubwa ukutani. Binti alipouma, ndani nyama ilikuwa nyekundu na ya baridi. Nilimwita mhudumu, naye kwa adabu zote akaniambia atauliza jikoni. Akarudi na jibu kwamba "ndivyo inavyotengenezwa." Nikaomba kuzungumza na aliyeipika. Haiwezekani, jikoni wateja hawaingii. Nilielewa kwamba yule dada mhudumu hana kosa lolote. Amewekwa pale katikati, hajaiona nyama ile ikipikwa kama mimi nisivyoiona. Mtu pekee aliyeweza kunijibu alikuwa hatua chache kutoka nilipokaa, na ukuta ukatutenganisha. Tulilipa, tukaondoka. Bei ya baga zile ingelisha nyumba yetu nzima zege na mishkaki.

Sisemi kwamba kila kilicho wazi ni salama. Mishkaki ya jioni naiona kwenye mkaa, lakini asubuhi nyama ile ilikaa wapi, siioni. Na kachumbari haipiti motoni kabisa. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, nilichokiacha kwanza ni kachumbari na matunda yaliyokatwa, nikabaki na chakula kinachotoka kwenye mafuta au mkaa kikiwa bado moto. Mpaka leo msimu wa mvua nyingi kachumbari ya nje siili, hata ya mtu ninayemwamini, kwa sababu tatizo linaweza kuwa maji yake na si mikono yake.

Mama lishe naye anapimwa kwa namna nyingine, maana kapika tangu alfajiri na sufuria zimefunikwa. Kwake nawahi. Saa sita kamili wali bado unafuka, maharage bado yapo motoni na mchuzi unachemka. Saa tisa alasiri, chakula kile kile kilichokaa juu ya meza ni kitu tofauti.

Ziko sehemu ambazo kigezo changu zinakitimiza vizuri mno. Coco Beach, muuza mihogo anakaanga mbele ya watu waliosimama wakisubiri, na pilipili inapakwa mbele yako. Feri, kwenye soko la samaki, pweza na samaki wanakaangwa hatua chache tu kutoka mnadani. Unguja, pale Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, mpishi anautandaza unga wa piza ya Zanzibar mpaka unapitisha mwanga wa taa, anaweka nyama, yai na kitunguu, anakunja, anakaanga. Watoto wangu wanasimama pale wakiangalia mpaka wanasahau kwamba wana njaa. Hiyo nayo ni sehemu ya mtoko, na hailipiwi. Ndiyo maana sipendi kufungiwa chakula nikaenda nacho nyumbani. Hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na watu kuhamia kwenye karatasi, chipsi zilizofungwa moto zinajipikia kwa mvuke wake na kufika zimelegea. Zinataka kuliwa pale pale, umekaa kwenye benchi.

Mume wangu, ambaye hili tunabishana kila mwisho wa mwezi, ana hoja ambayo siipuuzi. Anasema jiko lile lililofichwa lina friji, maji ya bomba, sinki na choo, na bwana afya analikagua. Muuza chipsi ana ndoo moja na vumbi la barabara. Ni kweli. Lakini hiyo ndoo hakuichagua yeye. Amekosa bomba kwa sababu eneo alilopangiwa halina bomba, ingawa ushuru analipa. Kwa hiyo naiomba halmashauri yetu, kupitia ukurasa huu, pale inapowapanga wauza chakula iweke maji yanayotiririka, mitaro na mahali pa kumwaga mafuta yaliyochoka, kabla ya kuja na amri ya kuwahamisha. Mtu anayepika hadharani kila siku amejiweka chini ya macho ya wateja wake wote. Akipewa maji safi, sioni atakachozidiwa na mgahawa wa ghorofani.

Na wenye migahawa ya baga nawaomba kitu kidogo kuliko hicho: dirisha. Kioo kipana kati ya jiko na meza zetu, tuione nyama ikitoka kwenye friji, ikibandikwa, ikigeuzwa, na tumwone anayeigeuza. Gharama yake haifiki hata ya zile picha za ukutani. Mgahawa wa kwanza kuweka kioo hicho hapa karibu na Magomeni, mimi na wanangu mtatuona Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, na baga tutaagiza kwa bei yenu bila kulalamika.