Nikilia nyumbani, je, nimepoteza tumaini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natoka kijiji kimoja upande wa Newala. Msimu uliopita ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, uliunguza maua ya mikorosho, nikapeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, magunia machache, na pesa ya mnada ikaishia kwenye madeni. Mume wangu ana kiharusi, hatembei. Kanisani naimba kwaya na kila mara naambiwa Mkristo hakati tamaa. Nikirudi nyumbani nalia. Jirani yangu Mwislamu, ambaye hutuletea chakula mara nyingi, aliniuliza, "Ninyi mnasema mna tumaini. La nini hasa?" Nilinyamaza. Je, imani yangu ni haba? Na hilo tumaini mtu analiishi vipi Jumatatu hadi Jumamosi?
Mama Mwanakwaya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lia. Yesu alisimama mbele ya kaburi la Lazaro akijua kabisa kwamba muda mfupi ujao atamwita atoke, na bado machozi yakamtoka. Naye Paulo, katika Warumi 8, sura ile ile anayolisifia tumaini, anasema sisi waamini tunaugua ndani yetu tukingojea ukombozi wa mwili. Kwa hiyo aliyekuambia Mkristo hakati tamaa, kisha akaenda zake bila kuuliza mgonjwa amekula nini, hajakufundisha tumaini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sitakuahidi kwamba bei itapanda mwaka huu, wala kwamba mumeo atasimama kabla ya Krismasi. Wapo wanaoahidi hivyo na kukuuzia mafuta ya upako juu yake, nami nawakataa waziwazi. Tumaini letu limesimama juu ya jambo moja: Kristo alikufa, akafufuka, na atatufufua sisi. Mwili wa mumeo, pamoja na ule mkono uliolegea, umo ndani ya ahadi hiyo.

Sasa Jumatatu. Soma Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia na kumtaka anunue shamba la Anathothi. Nani hununua shamba wakati adui yuko langoni? Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia muhuri hati, akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo idumu siku nyingi. Hakutegemea kulilima yeye. Alinunua kwa sababu Mungu alisema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Kwangu mimi hilo ndilo tumaini la siku za kazi: unafanya leo kazi inayolingana na ahadi, hata kama matunda yake hutayala wewe.

Nasi tunao wetu hapa hapa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafanya makao Masasi. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakawavamia, nyumba zikachomwa, wengine wakachukuliwa mateka. Fikiria mtu aliyewahi kuuzwa, akawa huru, akajenga, kisha anaona moto ukila paa lake. Sehemu ya kazi ikahamia huko kwenu Newala, na baadaye Masasi ikainuka tena. Wewe unaimba leo katika kanisa lililopita humo.

Basi ipalilie mikorosho, ipogolee, tafuta salfa, dawa ya ubwiriunga, mapema. Palipo na mikorosho iliyochoka, anza kupanda badala yake miche ya kubebesha, ile iliyotokana na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara. Mumeo mnyoe ndevu, mtoe barazani asubuhi, muulize habari za shamba na usikilize anachosema, maana bado ni baba wa nyumba. Nenda naye kwenye mazoezi ya viungo hospitali inapowezekana. Tumaini la ufufuo halituruhusu kuudharau mwili unaosubiri kufufuliwa.

Jirani yako ni zawadi. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila aulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, na anaongeza: kwa upole. Huhitaji mahubiri. Mwambie, "Dada, naamini Yesu alifufuka, na mume wangu hataishia pale kitandani. Ndiyo maana namuogesha kila siku." Mwambie pia kwamba chakula chake kimewashikilia. Ramadhani ikifika, nawe mpelekee futari, hata kama ni mihogo tu.

Na kwaya yako nayo isikwepe mzigo huu. Mwone mwenyekiti wa jumuiya mwezi huu, kabla mikorosho haijaanza kutoa maua. Omba mambo mawili bila aibu: vijana wenye mashine waje kukupulizia salfa, na kina mama wapeane zamu za kukaa na mgonjwa ili uende shambani. Wakisema watakuombea, washukuru, kisha waulize ni siku gani wanakuja.