Barua kwa Mwanangu: Rumba Haikufa

Mwanangu mpendwa Neema,

Barua yako imetufikia hapa Kigoma, nasi sote tu wazima. Unasema umeitazama Kinshasa Symphony, filamu ambayo Wajerumani waliitoa mwaka 2010 kuhusu okestra ya Kinshasa inayopiga muziki wa Beethoven, na sasa unauliza kwa nini watu waliopitia vita wahangaike na Beethoven ilhali rumba yao imechezwa Afrika nzima.

Nitakujibu kama mwalimu wa kwaya, maana sina elimu nyingine. Okestra ile ilizaliwa kanisani. Waumini wa Simon Kimbangu, yule nabii ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 na asitoke gerezani hadi kifo chake mwaka 1951, walikuwa na kwaya, filimbi na tarumbeta zao muda mrefu kabla mjukuu wake, Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, hajawakusanya watu mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache, wakawa wanapokezana kwa zamu. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulifungwa mahali pake. Usiwahurumie kupita kiasi kwa hilo. Mtu aliyezoea kushika sauti yake huku jirani akiimba nyingine amekwisha jifunza lililo gumu, na kinachobaki ni kuvizoeza vidole.

Kuhusu rumba, mwanangu, hiyo haikufa hata ikahitaji kufufuliwa. Magitaa mawili na mwimbaji hodari huianzisha uani, vita iwepo au isiwepo. Simfoni ya Tisa ya Beethoven haikubali hivyo. Inawataka mafundi umeme, wasusi na wachuuzi wa sokoni, pamoja na wanakwaya wao, wote wapata mia mbili, wafike jioni ileile, waketi, wanyamaze na kuhesabu mapigo mpaka zamu yao ifike. Kwaya yenyewe hungoja sehemu tatu nzima, zaidi ya dakika arobaini, kabla ya kufungua kinywa, tena kwa Kijerumani. Katika mji ambao askari waliupora mwaka 1991 na tena mwaka 1993, kuwa na hakika kwamba mwenzako atafika mazoezini halikuwa jambo dogo. Kwamba kamera ilimpendelea Beethoven kuliko nyimbo za kanisa lao sishangai, kwani kila mgeni hutafuta kwanza anachokijua.

Umeandika kwamba ulicheka umeme ulipokatika simfoni ikiwa imebakiza mapigo machache. Mimi nilikumbuka Agosti 1998, waasi walipoliteka bwawa la umeme la Inga na Kinshasa ikabaki gizani. Waliokwisha kuishi hivyo hawatishwi na taa kuzimika. Mama yako, tuliyekuwa tukitazama naye kwenye simu ya mdogo wako, alipoona kioo kimekuwa cheusi alinyanyuka kwenda kutafuta chaja.

Wako,
Baba