Jibu: Tamthilia ya kejeli yenye nyimbo, niiweke leo au zamani?

Mkuu, umeuliza kama hadithi ya mfanyabiashara mlanguzi uiweke leo au zamani. Mimi ningeipeleka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi Tanzania, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa. Ukiiweka leo, watazamaji watatumia saa nzima kubahatisha unamsema nani, na utani wenyewe utawapita. Ukiirudisha nyuma wanacheka kwanza, halafu wanajiona.

Halafu mwaka ule umejaa vituko tayari. Sukari na sabuni hazionekani madukani, foleni kila kona, kisha usiku watu wanazika mali uani au kuitupa baharini wasikamatwe nayo. Hebu fikiria wimbo wa kwaya ya foleni: kila ubeti mtu anasogea hatua moja, na anayefika dirishani anauziwa kiberiti. Mavazi ni rahisi, Kaunda suti mbili tatu zinatosha. Muziki usihangaike nao, dansi la enzi za bendi za Msondo na Sikinde, tarumbeta juu, gitaa la solo likimjibu mwimbaji.

Ila usichanganye na enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi baada ya 1985, biashara ilipolegezwa. Mitumba ikishajaa mitaani, mlanguzi wako atamficha nani nini? Wazee watakushika hapo hapo ukumbini.