Replika ya GT40 kuwa nyepesi mbele ukipita 180

Mkuu umesema replika yako ya GT40 (nakala ya gari ya mbio ya Ford ya miaka ya 1960) steringi inakuwa nyepesi ukipita 180 km/h, hiyo usiipuuze kabisa, na usikimbilie kufunga spoila kubwa nyuma kama ulivyoshauriwa, maana spoila ikikandamiza mkia nyuma ya ekseli inainua pua, na pua ndo tatizo lako. Nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa spidi, toka 100 kwenda 200 inakuwa mara 4, ndo maana ukienda taratibu gari imetulia vizuri tu.

Anza na kimo. Replika nyingi zinakaa pua juu kidogo, springi hazijachaguliwa kwa uzito wa ile bodi, hewa inajaa chini inanyanyua. Shusha mbele mpaka pua iwe chini kuliko mkia, weka kidevu (spoila ndogo ya mbele) chini ya pua, na hewa ya rejeta iwe na pa kutokea juu ya boneti. Alaimenti ipimwe pia.

Na orijino nazo zilisumbua, GT40 kwenye majaribio ya mbio za Le Mans, Ufaransa, Aprili 1964 zilikuwa zinayumba mkia mpaka zikaongezewa spoila. Porsche 917, gari ya mbio ya 1969, madereva waliiogopa, kwenye majaribio kule Austria mafundi wakaona wadudu waliokufa wamejaa mbele ila spoila za nyuma safi kabisa, yaani hewa haifiki kule, wakainua mkia kwa vipande vya bati gari ikatulia. Wewe bandika nyuzi za sufu kwenye bodi zikuonyeshe hewa inavyopita, mtu akurekodi video, ila iwe saketi iliyofungwa sio barabarani.