Zile sita za mwaka 77, na watu wa Leith

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na baba yako. Umesema hapo kazini kwenu Edinburgh kuna mzee wa mapokezi, na ulipomtajia kwamba mama yako alisoma mji huo mwaka 1990, aliacha chai ikapoa akikusimulia jinsi Hibs ilivyotaka kuunganishwa na Hearts, mpaka machozi yakamlengalenga. Ukaniuliza: "Mama, timu mbili za mji mmoja kuungana kuna ubaya gani mpaka mtu mzima alie baada ya miaka thelathini na kitu? Mbona hata Simba na Yanga zikiungana tungepata timu ya kutisha Afrika nzima?" Baba yako aliposikia hilo la Simba na Yanga akainuka, akaenda kukaa barazani. Hajasusa, ana lake la kusema, ila kalamu ninayo mimi.

Nilifika huko Septemba 1989 na sanduku moja, nikapanga chumba Leith, upande wa bandarini wa Edinburgh, kwa bibi mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa Hibs damu. Bibi mwenyewe kazaliwa Gorgie, upande wa magharibi wa mji, jirani na uwanja wa Tynecastle, na alikuwa Hearts. Ukutani sebuleni palikuwa na skafu mbili kwenye msumari mmoja, ya kijani na ya damu ya mzee. Mimi binti wa Kariakoo, mtoto wa mwana-Yanga, sikuhitaji kufafanuliwa. Kijani kilikuwa changu tangu siku ya kwanza, na bibi yule akaanza kunitania kabla hata sijajua kuwasha hita.

Mwanzoni mwa Juni 1990 ligi imekwisha, watu wanangoja Kombe la Dunia, habari ikatoka: Wallace Mercer, mwenyekiti wa Hearts, anataka kuinunua Hibs. Alikuwa mtu wa biashara ya majumba na viwanja, msemaji hodari. Hoja yake ilikuwa hiyohiyo yako. Rangers na Celtic za Glasgow zinakomba kila kombe, na Edinburgh ikiwa na timu moja yenye fedha itaweza kupambana nazo. Ukiiandika kwenye karatasi hoja hiyo haina hata doa.

Aliwezaje? Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo penye mlango. Mwaka 1988 Hibs ilikuwa imeuza hisa zake sokoni. Wenye timu wakaingia kwenye biashara ya baa na hoteli huko kusini-magharibi mwa Uingereza, mahali ambapo mtu wa Leith hajawahi hata kupita, na madeni yakaifika klabu shingoni. Hisa ikishakuwa sokoni haina skafu. Mercer alizikusanya mpaka akavuka nusu. Nawasikia huko mnavyobishana mitandaoni kuhusu ile 51 ya wanachama wa Simba na 49 ya mwekezaji, na wengine mnaona ni hesabu za wazee wasiojua biashara. Mimi nimeona timu ikiuzwa na watu ambao hawajui hata geti la uwanja liko upande gani.

Mercer aliita muungano. Bibi mwenye nyumba wangu, Hearts mtupu, alikunja gazeti akasema kwamba mwenye nyumba akimeza nyumba ya jirani, hiyo si ndoa. Maana rangi gani ingebaki? Jina gani? Uwanja upi? Watu wa Leith walijua fika kwamba Easter Road, uwanja wa Hibs, ungeishia kuwa kiwanja cha kujengwa nyumba za kuuza.

Na Hibs si jina tu. Ilianzishwa 1875 na wahamiaji wa Kiayalandi wa Cowgate, chini ya padri wao Edward Hannan, wakati Muayalandi mjini hapo alikuwa mtu wa kazi za sulubu na kudharauliwa. Hearts ilikuwa imetangulia mwaka mmoja. Mechi yao ya kwanza waliicheza siku ya Krismasi ya 1875 pale Meadows, uwanja huohuo unaoukatiza wewe kila asubuhi na simu sikioni. Hearts walishinda bao moja. Kwa hiyo wakati Mercer anatoa hesabu zake, ugomvi ule ulikuwa na umri wa miaka 114, na ulianzia kwenye nyasi.

Ikaundwa kampeni, wakaiita Hands Off Hibs, yaani msiiguse Hibs. Mabango madirishani, karatasi za sahihi kwenye baa, kwenye maduka ya samaki na chipsi, mpaka kwa kinyozi. Nilitia sahihi yangu na anwani ya chumba, nikijua visa yangu inaisha Septemba.

Kisha Jumamosi moja watu wakaitwa Easter Road, hakuna mechi. Wiki hiyohiyo Cameroon walikuwa wameifunga Argentina ya Maradona bao 1-0 kule Milan, kwa hiyo njia nzima watu nisiowajua walinipa mkono wa hongera, wengine wakipiga kelele "Cameroon!" Mimi Mtanzania nikapokea zote, ningefanyaje. Bibi alikuja nami. Nilimwona akisita mlangoni, akarudi ndani, nikadhani amefuata koti. Akatoka amejifunga skafu yake ya Hearts. Nikamwambia, "Bibi, huko tuendako?" Akajibu kwamba akienda bila skafu watadhani ni Hibs, na hilo hawezi kulivumilia.

Getini kijana mmoja aliyepaka uso kijani alimtazama ile skafu, akamtazama usoni, akasogea kando kumpisha, halafu akamshika mkono kumvusha ngazi. Ndani watu walikuwa maelfu. Joe Baker, mshambuliaji wao wa zamani, mzee wa watu, aliingia uwanjani akapiga magoti akaibusu ile ardhi. Uwanja ukanyamaza. Hilo ndilo analoliona mzee wako wa mapokezi akikuambia, nina hakika.

Lakini ukitaka kujua lililonishangaza mimi, ni John Robertson. Huyo alikuwa mfungaji wa Hearts, ndiye aliyewatesa Hibs kuliko mtu yeyote. Mpaka anamaliza aliwafunga mabao 27 kwenye mechi za watani hao. Naye akajitokeza hadharani kuupinga mpango wa mwenyekiti wake mwenyewe. Mashabiki wa Hearts pia, wengi tu, walisema hawautaki. Kwa hesabu ya Mercer hawa walikuwa upande wa washindi. Timu yao ndiyo ingebaki, mpinzani angefutika, wasingefungwa tena daima. Wakakataa.

Wazungu waliandika sana wakitafuta sababu. Sisi tunayo kwa neno moja, utani.

Hukumjua babu yako vizuri, ulikuwa mdogo sana alipofariki. Unajua alikuwa Yanga wa Jangwani, kadi ya uanachama mfukoni mpaka siku ya mwisho. Siku ya maziko jeneza linatolewa ndani, mtani wake mmoja, Simba wa Msimbazi, mzee mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akalala chali kizingitini. Jeneza halipiti! Akaanza kupiga makelele kwamba huyu bwana hazikwi, anaondoka na deni, hajalipa zile sita za mwaka 77. Unazijua, Simba 6 Yanga 0, Kibadeni peke yake tatu. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Mama yangu, mjane mbichi, alicheka mpaka akashikiliwa. Ikabidi mjomba wako atoe noti. Mzee akaipokea, akaikagua kwenye mwanga kama noti bandia, akaiweka mfukoni, akajipangusa vumbi. Halafu akashika jeneza mbele kulia, na mpaka makaburini hakukubali kupokewa na mtu.

Sasa waambie hao waliokwenda sokoni na hisa wamuunganishe mzee yule na babu yako. Jeneza angelizuia nani?

Mercer alihitaji kama robo tatu ya hisa, na mwenyekiti wa Hibs, David Duff, aliyelaumiwa kwa madeni yote yale, aligoma kuuza za kwake. Julai mpango ukafa. Ila timu ilikuwa bado imeoza kwa madeni, na 1991 ikawekwa chini ya mfilisi, mpaka Tom Farmer, yule tajiri wa kubadilisha matairi, akaiokoa. Mimi nilisharudi nyumbani. Novemba hiyo nikapokea bahasha kutoka Leith, ndani kipande cha gazeti: Hibs wamechukua Kombe la Ligi, wamewafunga Dunfermline 2-0 pale Hampden. Pembeni bibi ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba kelele za barabarani zimemnyima usingizi siku mbili, na kwamba skafu ya marehemu ameifua.

Nisikudanganye kwamba muungano haufai popote. Inverness walifanya hivyo 1994, Caledonian na Thistle wakawa timu moja, kwa ugomvi mkubwa, kuna walioapa kutokanyaga tena uwanjani. Na timu hiyo ilichukua Kombe la Scotland 2015. Mwenye kuhesabu vikombe atasema walipata. Mimi huwa nawafikiria wale walioapa, kama Jumamosi wanakwenda wapi.

Kuhusu sisi, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ofisi zao mwendo wa miguu tu pale Kariakoo, historia yetu ni ya kugawanyika. Simba yenyewe ilitoka ubavuni mwa Yanga, na Pan African pia. Wewe unataka kulirudisha yai kwenye ganda.

Baba yako amerudi kutoka barazani anauliza kama nimeandika za mwaka 77. Nimemwambia nimeandika, kwa uungwana wangu. Anasema niandike na zile tano za 2012, Simba 5 Yanga 0. Nimekataa, karatasi imekwisha.

Msalimie mzee wako, umuulize siku ile alisimama upande gani, na kama anamkumbuka bibi mwenye skafu isiyo ya pale. Ukija Desemba niletee skafu ya kijani. Ile ya damu ya mzee usiilete humu ndani, maana kuna mtu ataivaa akidai ni nyekundu iliyofifia.

Mama yako