Msumeno Unaotoa Unga na Kumrukia Mwenye Kuushika

SWALI: Msumeno wangu wa mnyororo unatoa unga mwembamba badala ya vipande vya mti, nami hulazimika kuukandamiza ili ukate. Juzi uliruka ghafla kuelekea usoni. Je, umeharibika?

JIBU: Pole sana, na tunashukuru kwamba hukuumia. Unga huo ni dalili kwamba meno yamekuwa butu. Zima injini, vaa glavu, kisha noa kila jino kwa tupa ya duara yenye unene unaolingana na mnyororo wako, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje tu, kwa pembe iliyochorwa kwenye jino (mara nyingi ni digrii 30) na kwa idadi ileile ya misukumo, kwa sababu meno ya upande mmoja yakiwa mafupi msumeno utakata kwa kupinda.

Kuruka ni jambo jingine, na ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga (bamba refu ambalo mnyororo hulizunguka) ikigusa gogo au tawi, meno hunasa na upanga hutupwa juu na nyuma kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mpini wa mbele, simama kando ya mstari wa mnyororo, usikate juu ya mabega, na ujaribu breki ya mnyororo kabla ya kila kazi. Ikishindwa kuusimamisha papo hapo, usiutumie msumeno huo mpaka fundi aitengeneze.