Uliza Ujibiwe, gofu: tii mbili, rula ya chuma na puti isiyokwenda kombo

SWALI: Nimenunua reli mbili za plastiki, zile zinazolazwa sambamba chini kisha puta, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, inapita katikati. Nyumbani mipira yote inakwenda sawasawa. Jumamosi nikiingia griini, pale penye nyasi fupi na shimo, puti (mipigo ya kusukuma mpira shimoni) za mita mbili zinapita kulia mwa shimo, moja baada ya nyingine. Natumia mkono wa kulia na handikapu yangu, kipimo cha uwezo wa mchezaji, ni 22. Mwenye kasoro ni mimi au ni reli?
*Msomaji, Thika*

JIBU: Reli hazina kosa, ila umezipa kazi isiyo yao. Reli huchunga njia ya kichwa cha puta. Mpira wa puti haufuati sana njia hiyo. Kwa sehemu kubwa unafuata uso wa puta ulikokuwa umetazama pale ulipougusa mpira. Chukua puta yenye kichwa cha urefu wa sentimita 11, iweke katikati ya reli zilizoachana sentimita 12, kisha izungushe kidogo kama nyuzi 2 kwenda kulia. Utaona haigusi reli yoyote. Kwa hiyo unaweza kupita humo siku nzima bila kugonga plastiki, na mipira yote ikatoka kombo.

Nyuzi 2 si kitu kidogo. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 54. Kwenye mita 1 unaruhusiwa kukosea takriban nyuzi 3, kwenye mita 2 nyuzi 1 na nusu, kwenye mita 3 nyuzi 1 tu. Na hayo ni kwa mpira unaofika taratibu. Ukifika kwa kasi, shimo linakuwa kama limepungua upana, kwa sababu mpira unaogusa pembeni unazunguka ukingo na kutoka.

Kuna jambo la pili. Nyumbani reli zenyewe zinakuonyesha mwelekeo, hata kama hukusudii kuzitazama. Griini hakuna reli, kwa hiyo unalenga kwa macho yako tu. Kabla hujagusa mpigo wako, hakikisha kwanza kama unalenga shimo kweli. Simama kwenye puti ya mita 2 iliyo tambarare, weka puta nyuma ya mpira, tulia. Mwombe kedi, mbebaji wako wa fimbo, achuchumae nyuma ya mpira mita kadhaa, kwenye mstari wa mpira na shimo, akuambie uso wa puta umetazama wapi. Rudia mara tano, kila mara ukiondoka na kuja upya. Akisema "kulia" mara nne, tatizo lako liko kabla ya mpigo, na hakuna reli itakayolitibu.

Sasa geti. Hiki ndicho kifaa tunachokipa kura zaidi ya vyote, na ni tii mbili za mbao tu, vile vijiti vya kuwekea mpira. Weka mpira. Pima sentimita 30 mbele yake kuelekea shimo, uchomeke tii mbili, moja kila upande. Nafasi kati yake, ukipima ndani kwa ndani, iwe milimita 60. Mpira una milimita 43 hivi, kwa hiyo umebakiwa na milimita 8 na nusu kila upande. Mpira unaopita hapo bila kugusa umetoka ndani ya nyuzi 1 na nusu na ushee kidogo, karibu sawa kabisa na puti ya mita 2 inayoingia. Ukipitisha mipira 9 kati ya 10, sogeza tii zifike milimita 55, ambayo ni sawa na puti ya mita 2 na nusu hivi. Usianze na 55. Mtu anayegonga tii kila mara huanza kuuongoza mpira kwa viganja, na hilo ni kosa jipya juu ya la zamani.

Pima kwa rula, si kwa macho. Tofauti ya milimita 5 inabadilisha zoezi zima.

Tii zenyewe zitakupa majibu. Ukigonga ya kulia tu, uso uko wazi, yaani umegeukia kulia unapogusa mpira, au unalenga kulia. Angalia pia kama mpira umeuweka nyuma mno kati ya miguu, maana puta inaufikia kabla uso haujajifunga. Sehemu yake ni mbele kidogo ya katikati ya miguu, karibu chini ya jicho la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Ukigonga ya kushoto tu, kagua hayo hayo kinyume chake. Ukigonga zote bila mpangilio, acha kulaumu lengo na utazame mikono: umeshika kwa nguvu mno, au mwendo wako hauna mdundo.

Geti hili unaweza kuliongezea la pili: tii mbili pembeni mwa kichwa cha puta, hapo hapo penye mpira, zikiacha nafasi ndogo kisigino na nchani. Bingwa wa gofu Tiger Woods anafahamika kwa zoezi hilo. Linakuambia kama unapiga katikati ya uso, jambo ambalo geti la mbele halilioni.

Reli zako usizitupe. Zitumie dakika tatu za mwanzo, kisha ziondoe. Na siku zote maliza kwa kupokezana: mpira mmoja kwenye geti, unaofuata pembeni bila kitu chochote, kwa shimo jingine. Anayefanya zoezi lote ndani ya kifaa hujifunza kifaa.

SWALI: Sina griini karibu, niko mbali na klabu siku za kazi. Kuna cha kufanya sebuleni bila kununua mkeka wa puti wa bei?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Nunua rula ya chuma ya mita 1 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, yenye upana wa sentimita 3. Ilaze sakafuni, hakikisha kwa pima maji kwamba haijainama upande. Mpira uweke juu yake mwanzoni kabisa, piga taratibu, uone kama utafika mwisho bila kudondoka. Katikati ya mpira ikihama zaidi ya sentimita 1 na nusu, mpira unaanguka. Katika mita 1 hiyo ni chini kidogo ya nyuzi 1, kwa hiyo rula ni kali kuliko geti. Wengi huanza na mipira 3 kati ya 10, na si aibu. Kama rula imepinda hata kidogo, imeshakuwa takataka kwa kazi hii. Itazame kwa jicho moja kutoka nchani, kama fundi seremala anavyotazama ubao.

Mikeka yenye kilima kidogo mwishoni na kishimo juu yake hatuipendi sana. Inakuzoesha kusukuma mpira kwa nguvu ili upande, halafu griini unapita shimo kwa mita nzima. Kasi nzuri ni ile ambayo mpira ukikosa unasimama baada ya kupita shimo kwa sentimita 30 hadi 45. Kasi hiyo haifundishwi na rula wala mkeka, kwa sababu zulia lako na griini yenu havifanani. Sebuleni fundisha mwelekeo. Kasi kaifanyie klabuni.

SWALI: Vioo vya puti, vile vya kulaza chini kukagua unavyosimama, ni ghali. Fundi vioo anaweza kunikatia?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Anaweza, lakini afadhali uende kwa mafundi wa mabango wanaokata akriliki. Akriliki ya kioo ya milimita 3 haivunjiki kirahisi kama kioo cha kawaida. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 15. Chora mstari mmoja wa katikati kwa urefu wake kwa kalamu isiyofutika, na mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Huo wa pili ni wa uso wa puta. Ukichukua kioo cha kawaida, zungushia ukingo utepe wa gundi, na usipige mpira juu yake.

Kilaze kwenye mstari wa puti, simama kama unavyosimama, inama utazame. Macho yako yaonekane juu ya mstari, au ndani yake upande wako kwa sentimita 2 au 3. Yakivuka kwenda nje, mstari wa shimo unauona kwa upande na unalenga vibaya bila kujua. Tazama na mabega: yote mawili yaende sambamba na mstari. Ukishaona, ondoa kioo, weka mpira mahali pake, piga. Mara tano au sita zinatosha kwa siku, maana kioo ni cha kukagua tu.

SWALI: Puta iende nyuma na mbele moja kwa moja, au ifuate upinde? Kila mtu klabuni ana lake.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Sheria inataka mpini wa puta uinamie angalau nyuzi 10 kutoka wima. Kitu kinachobembea kikiwa kimeinama hakiwezi kwenda mstari ulionyooka kwa umbali mrefu. Lazima kiingie ndani kidogo upande wa mchezaji. Kwa puti fupi, puta ikirudi sentimita 15 tu, upinde huo hauonekani kwa macho, na reli zilizonyooka hazikudhuru. Kwa puti ya mita 6 zinakulazimisha usukume mikono nje ya njia yake. Ndiyo maana ya ugomvi wa klabuni: mmoja anazungumzia puti fupi, mwingine ndefu.

Tazama pia puta yako. Ulaze mpini juu ya kidole hadi utulie bila kuanguka. Uso ukitazama juu, puta hiyo haitaki kujizungusha sana. Ncha ikining'inia chini, inapenda upinde. Usinunue reli za upinde kabla ya kujua yako ni ipi.

SWALI: Mkono wangu unasita karibu na mpira, hasa puti fupi. Kifaa gani kinasaidia?
*Msomaji, Entebbe*

JIBU: Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa kwa wanamuziki, na ipo bure kwenye simu. Iweke mapigo 65 kwa dakika. Pigo la kwanza puta inaanza kurudi, pigo la pili inagusa mpira. Kurudi nyuma kuchukue muda kama mara mbili ya kuja mbele. Ukiona hulingani na mapigo, usikimbilie kuyabadilisha. Kwanza fupisha safari ya nyuma. Kusita kwingi huko kunaanza na puta iliyorudi mbali kuliko umbali wa shimo unavyotaka, kisha mikono inafunga breki njiani. Kwa mita 1, chomeka tii sentimita 15 nyuma ya mpira, pembeni kidogo mwa njia, na usiipite.

SWALI: Naweza kuingia na vifaa hivi kwenye mashindano ya mwezi?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Kubeba kwenye mfuko unaweza, kuvitumia raundi ikiendelea hapana. Kifaa cha mazoezi, hata kijiti cha kulengea kilicholazwa chini kwa mpigo wa majaribio tu, kinakuletea adhabu ya mipigo 2 katika mchezo wa kuhesabu mipigo, na ukirudia kosa unaondolewa. Mstari uliouchora juu ya mpira wenyewe unaruhusiwa. Geti lako lifanye kwenye griini ya mazoezi kabla hujaitwa kuanza shimo la kwanza, na ukiondoka uzing'oe tii zote: mashine ya kukata nyasi inapita hapo asubuhi.